Timazi ya Mwili: Kwa Nini Apimwe Mgongo Mtu Asiyeumwa?

Fundi mwashi hodari hajengi kwa jicho tupu. Hata akiwa amekwisha kujenga nyumba mia, kila apandishapo safu kadhaa za mawe hutoa timazi yake, akaining'iniza kwa uzi, akatazama kama ukuta umesimama wima au umeanza kulala. Ajua ya kuwa ukuta uliolala kidogo leo hautaanguka leo. Lakini kila jiwe litakaloongezwa juu litauzidishia mzigo, na mwisho gharama ya kuutengeneza itapita gharama ya kuujenga.

Mwili wa mwanadamu nao ni jengo lililosimama. Tena ni jengo la ajabu kuliko nyumba, kwa kuwa nyumba husimama mahali pamoja, na mwili husimama, huinama, huketi, hubeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani, kisha hurudi kusimama bila ya kuanguka. Je, jengo hili nalo lina timazi? Na kama linayo, ni nani aliyeipima, na alimpima nani?

Swali hili si la matabibu peke yao. Laingia katika nyumba zetu kila siku. Baba humkemea kijana wake: "Nyoosha mgongo!" Bibi humtazama mjukuu wake wa kike, akaona bonde la kiuno chake limeingia ndani sana, akahofu kuwa mtoto ana ila. Kijana mwingine mgongo wake umelala kama ubao, na wenzake humcheka. Kila mmoja katika hawa wanaokemea, wanaohofu na wanaocheka, hudhani kwamba upo mgongo mmoja ulio sawa, na kwamba yeye anaujua. Makala haya yataka kuonyesha kuwa mgongo huo mmoja haupo. Na kwamba ilibidi watu wasioumwa wapimwe kwa mamia ndipo jambo hili lijulikane kwa yakini.

JENGO LENYEWE

Uti wa mgongo wa mtu mzima una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifua ambazo mbavu zimeshikamana nazo, na 5 za kiuno. Chini ya hizo ziko pingili 5 zilizoungana zikawa mfupa mmoja wenye umbo la pembetatu, ambao matabibu huuita sakramu. Na mwisho kabisa kiko kifupa kidogo cha kitokono. Sakramu imekazwa baina ya mifupa miwili ya nyonga, mmoja kuume na mmoja kushoto, kama vile jiwe la katikati linavyokazwa katika tao la mlango. Mifupa hiyo mitatu pamoja hufanya mfano wa pete nene, na pete hiyo hukaa juu ya vichwa viwili vya mifupa ya mapaja.

Ukimtazama mtu kwa nyuma, uti wake hushuka moja kwa moja. Lakini ukimtazama kwa ubavuni, hutauona mstari ulionyooka hata kidogo. Shingoni uti huingia ndani. Kifuani hutokeza nyuma. Kiunoni huingia ndani tena. Na kwenye sakramu hutokeza nyuma mara ya pili. Mtoto mchanga hana mapindo haya yote kwa ukamilifu. Mgongo wake umekunjika upande mmoja kama upinde. Aanzapo kuinua kichwa, pindo la shingo huzidi kuonekana; aanzapo kusimama na kwenda, bonde la kiuno huzidi kuingia.

Basi ule mgongo ulionyooka kama mshale, ambao twawaamrisha watoto wetu wawe nao, si mgongo wa mtu mwenye afya. Uti umepindwa kwa kazi, ili kichwa kikae juu ya nyonga na uzito wa mwili ushuke kwenye miguu bila ya misuli kutaabika.

FUNZO LA KALE KUTOKA MISRI

Huenda msomaji akauliza: kuna haja gani ya kumpima asiyeumwa? Mgonjwa ndiye apasaye kupimwa! Jibu lake ni kwamba hatuwezi kusema kitu kimepotoka mpaka tujue kilivyo kinapokuwa sawa. Wala hatuwezi kujua kilivyo kwa kukitazama kimoja tu.

Tabibu Abd al-Latif wa Baghdad, aliyezaliwa mwaka 1162 na kufariki mwaka 1231, alikuwako Misri wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1200 hadi 1202. Njaa ile iliua watu wengi mno, hata mifupa yao ikabaki chungu nzima nje ya mji wa Kairo. Galen, mganga mkuu wa Kiyunani, alikuwa ameandika ya kwamba taya la chini ni mifupa miwili iliyoungana. Na kwa karne nyingi matabibu walisoma hivyo na kufundisha hivyo. Abd al-Latif na wenzake walitazama mafuvu yaliyozidi 2,000, wakaona kila taya la chini ni mfupa mmoja.

Kisha akaitazama sakramu pamoja na kitokono, mifupa hii hii tunayoizungumza. Hapo alikuta jambo jingine. Katika baadhi ya maiti aliona ni mfupa mmoja usio na kiungo. Katika wengine aliona vipande sita, kama alivyosema Galen. Naye akaandika yote mawili kama alivyoyaona, asilazimishe moja lishinde jingine.

Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. La kwanza, kutazama mengi kwa macho ni bora kuliko kurudia neno la mkubwa mmoja. La pili, ambalo ndilo shabaha yetu leo, watu waweza kutofautiana mifupa yao wala pasiwe na mwenye ila miongoni mwao.

KIPIMO CHA NYONGA

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen, mtaalamu wa Kijerumani, aligundua mionzi ya eksirei, na mifupa ya mtu aliye hai ikaweza kuonekana. Lakini mtu aliyelala kitandani hana haja ya timazi. Uzito wake umebebwa na kitanda. Mwenye kutaka kujua jinsi mgongo unavyobeba mwili hana budi ampige picha mtu akiwa amesimama, amenyoosha magoti, anatazama mbele, na mikono ameiinua kidogo isiufiche uti.

Mwaka 1948 daktari wa Kimarekani, John Cobb, alieleza njia nyepesi ya kupima pindo la mgongo juu ya picha kwa penseli na kipimapembe. Huchorwa mstari mmoja juu ya pingili inayoanza pindo, na mwingine chini ya pingili inayolimaliza. Pembe inayofanywa na mistari hiyo ndiyo kiasi cha pindo. Njia hiyo yatumika mpaka leo, ijapokuwa sasa mistari mara nyingi huchorwa katika kompyuta.

Hata hivyo, pindo pekee halikutosha kueleza kwa nini migongo ya watu hutofautiana. Siri ilikuwa chini zaidi, katika nyonga. Mwaka 1992 daktari wa Kifaransa, Ginette Duval-Beaupère, na wenzake walieleza kipimo ambacho hapa tutakiita pembe ya nyonga. Msomaji aliyepata kujifunza hesabu za maumbo shuleni ataweza kukifuata.

Chukua picha ya mtu iliyopigwa kwa ubavuni. Tia nukta katikati ya uso wa juu wa sakramu, pale inapokaa pingili ya mwisho ya kiuno. Tia nukta ya pili katikati ya vichwa vya mifupa ya mapaja. Unganisha nukta hizo kwa mstari. Kisha, kutoka ile nukta ya sakramu, chora mstari mwingine ushukao chini, unaofanya pembe ya digrii 90 na uso ule wa sakramu. Pembe iliyo baina ya mistari hii miwili ndiyo pembe ya nyonga.

Sifa yake kubwa ni hii: mtu mzima akisimama, akiketi au akiinama, pembe hiyo haibadiliki, kwa sababu sakramu na mifupa ya nyonga zimekazana. Kila mtu ana yake. Huongezeka kidogo kidogo utotoni, na mtu akisha kukomaa hutulia.

Pembe hiyo hugawanyika sehemu mbili: mteremko wa sakramu, yaani kiasi inavyoinamia mbele ikilinganishwa na sakafu, na mlalo wa nyonga, yaani kiasi nyonga ilivyobingirika nyuma juu ya mapaja. Mbili hizi zikijumlishwa hupatikana pembe ya nyonga. Tuseme pembe ya mtu ni digrii 50. Akisimama, mteremko wa sakramu huenda ukawa 38 na mlalo wa nyonga 12. Akiketi akaegemea, nyonga hubingirika nyuma: mteremko ukashuka hadi 18, na mlalo ukapanda hadi 32. Jumla ni 50 ile ile.

Mteremko huo ndio msingi wa mgongo wote. Msingi ukiwa na mteremko mkubwa, kiuno hakina budi kuingia ndani sana ili kukirudisha kichwa juu ya nyonga. Ukiwa na mteremko mdogo, kiuno huingia kidogo tu na mgongo huonekana kama ubao. Basi yule binti aliyehofiwa na bibi yake, na yule kijana aliyechekwa na wenzake, huenda kila mmoja anafuata msingi wake.

WALIYOYAONA WAPIMAJI

Mwaka 2005 yalitangazwa matokeo ya kazi ya Raphaël Vialle na wenzake huko Ufaransa, waliopima watu 300 wa kujitolea wasiokuwa na maradhi ya mgongo. Wastani wa pembe ya nyonga ulikuwa digrii 55. Lakini wastani si sheria. Miongoni mwa watu hao walikuwako wenye pembe iliyo chini ya digrii 35, na walikuwako wenye pembe iliyozidi 80. Na wote walikuwa wazima. Mwaka huo huo Pierre Roussouly na wenzake, nao wa Ufaransa, walipima watu 160 wasioumwa, wakaona kuwa migongo yao yaweza kupangwa katika maumbo manne, tangu yule ambaye kiuno chake kimelala mpaka yule ambaye kimeingia ndani sana.

Ukitaka kuona jambo hili bila ya picha yoyote, simama ubavuni mwa safu ya watu msikitini. Visigino vimelingana na mabega yamegusana. Lakini migongo, kwa ubavu, kila mmoja ana umbo lake.

Je, hapana basi kitu wanachoshirikiana? Kipo, nacho ndiyo timazi. Wapimaji hushusha mstari wa wima kutoka pingili ya saba ya shingo, ile inayotokeza chini ya kisogo unapoinamisha kichwa, wakatazama unapita wapi penye sakramu. Kwa watu wengi wenye afya mstari huo hupita karibu na ukingo wa nyuma wa uso wa juu wa sakramu, usiuache kwa zaidi ya sentimita 5 hivi. Maumbo ni mengi, mizani ni moja. Daktari Jean Dubousset, Mfaransa, aliufananisha mwili uliosimama na umbo la pia iliyosimama kwa ncha: miguu iko kwenye ncha, na kichwa huyumba kidogo ndani ya duara la juu. Maadamu mwili umo ndani ya pia hiyo, kusimama hakugharimu nguvu nyingi. Ukitoka nje yake, misuli hufanya kazi bila ya kupumzika, na mtu huchoka kwa kusimama tu.

Watu wa taifa moja pia hawatoshi kuwa kipimo cha walimwengu wote. Kwa hiyo wataalamu wa nchi tano, Ufaransa, Japani, Singapore, Tunisia na Marekani, walishirikiana kupima watu 468 wasioumwa mgongo, na matokeo yakatolewa katika miaka ya 2020. Yafaa Waafrika tufurahi kuiona Tunisia katika orodha hiyo, na tutamani kuona nchi nyingine za bara letu zikiifuata.

GHARAMA YA KUTOJUA

Asidhani mtu ya kuwa haya ni mazungumzo ya wataalamu yasiyo na faida. Watu wameumia kwa kukosekana kwa elimu hii.

Huko Houston, Marekani, daktari Paul Harrington aliwahurumia watoto ambao migongo yao ilipinda ubavu kwa sababu ya ugonjwa wa polio. Akabuni fimbo za chuma za kuunyoosha uti, na mwaka 1962 akaitangaza kazi yake. Ilikuwa hatua kubwa. Wengi waliokuwa wakizidi kupinda walipata nafuu, na haki yake haipaswi kusahauliwa. Lakini fimbo ile ilikuwa imenyooka, na kazi yake ilikuwa kuuvuta uti urefuke. Ilipofungwa mpaka kiunoni, mgongo ulipendeza ukitazamwa kwa nyuma. Kwa ubavuni bonde la kiuno lilikuwa limefutika.

Miaka ikapita. Baadhi ya watoto wale wakawa watu wazima, nao wakaanza kuinama mbele. Ili watazame mbele walilazimika kukunja magoti na kuzibingirisha nyonga nyuma. Walichoka, wakaumwa viuno na mapaja. Tangu miaka ya 1970 madaktari walianza kuyaandika mashaka hayo, wakayapa jina la ugonjwa wa mgongo bapa. Ukuta ulinyooshwa upande mmoja, timazi ya upande wa pili isitazamwe.

Siku hizi daktari apangaye kuufunga uti wa mtu mzima hutazama kwanza pembe ya nyonga yake, kisha hujaribu kulifanya bonde la kiuno liikaribie pembe hiyo. Kanuni iliyoenea tangu mwaka 2012 ni kwamba tofauti baina ya mbili hizo isipite digrii 10 hivi, ingawa kwa wazee kiasi hicho hulegezwa. Mwenye pembe ya 40 hapewi kiuno cha mwenye pembe ya 75. Kanuni hiyo isingepatikana lau wasioumwa wasingalikubali kusimama mbele ya mashine kwa faida ya wagonjwa wasiowajua.

NYUMBANI KWETU

Sasa tufanye nini sisi, baba, mama na vijana?

Kwanza, tusiwapeleke watoto wazima kupigwa eksirei kwa kutaka kujua tu. Mionzi hiyo haipasi kutumiwa bila ya sababu. Hata wapimaji wa watu wenye afya hufurahia mashine zitumiazo mionzi michache, kama ile iliyotokana na ugunduzi wa Georges Charpak, mtaalamu wa Ufaransa aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1992. Nayo humpiga mtu picha amesimama, mbele na ubavuni kwa mara moja.

Pili, tujue lipi la kutazama kwa macho. Mtoto mwenye umri wa kubalehe avue shati, au binti atazamwe na mama yake kwa faragha. Aunganishe miguu, ainame mbele na mikono ikining'inia. Ukitazama kwa nyuma, pande mbili za mgongo zilingane. Upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko mwingine, mpeleke kwa daktari, kwa kuwa huenda uti umeanza kupinda ubavu, na pindo kama hilo laweza kuzidi upesi wakati mtoto anaporefuka. Jaribio hili lilielezwa na William Adams wa London tangu mwaka 1865, na mpaka leo lina faida.

Tatu, mwanamke mjamzito akiegemea nyuma na bonde la kiuno chake likazidi, asikemewe kwamba anajidai. Mzigo umekuja mbele, na mwili unarudisha mizani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulieleza kuwa pindo la kiuno cha mwanamke huenea katika pingili tatu, na la mwanamume katika mbili, jambo ambalo humsaidia mama kuuhimili mzigo huo. Anachohitaji ni kusaidiwa ndoo ya maji.

Nne, tuwatazame wazee wetu. Umri ukienda, bonde la kiuno hupungua, kifua huzidi kuinama, na timazi husogea mbele. Mzee asimame ameupa ukuta mgongo, visigino na makalio yakiugusa. Kisogo chake kikiwa hakifiki ukutani, na zamani kilikuwa kikifika, au akiwa amefupika kwa muda mfupi, aonwe na daktari, kwa kuwa huenda pingili zimebonyea kwa udhaifu wa mifupa. Na mtu wa umri wowote akipatwa na maumivu ya mgongo pamoja na ganzi au udhaifu wa miguu, au akishindwa kuzuia haja, asingoje hata siku moja.

Vijana nao wanaweza kufanya jaribio hilo hilo la ukutani, kila mmoja apitishe kiganja nyuma ya kiuno cha nduguye. Kwa mmoja kiganja kitapita kwa nafasi, kwa mwingine kitabana. Msiseme nani ana mgongo mzuri. Semeni tu kwamba kila mmoja amejengwa juu ya msingi wake.

Wazee wetu husema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya tabia, na katika tabia ni kweli. Tusiigeuze kuwa sheria ya mifupa. Mtoto afundishwe kuketi bila ya kujikunja saa nyingi, kucheza, kukimbia, na kuinua mzigo kwa miguu badala ya kiuno. Lakini umbo la mgongo wake lisipimwe kwa mgongo wa baba yake wala wa jirani. Fundi mwashi aning'inizapo timazi hauulizi ukuta huu kama wafanana na ule. Huuliza kama umesimama sawasawa juu ya msingi wake wenyewe.